Ukumbi wa kukodi, viatu na "madhabahu": Mungu anakaa wapi hasa?

Katibu wa Kusanyiko ameuliza:

Bwana asifiwe, wapendwa. Kuna kusanyiko linaloabudu Jumapili asubuhi kwenye ukumbi wa kukodi. Jumamosi usiku ukumbi huohuo una harusi na muziki hadi saa nane. Mambo matatu yanabishaniwa. Kwanza, je, hapo ni patakatifu au ni ukumbi tu? Pili, wapo wanaotaka kila anayepanda jukwaani avue viatu kwa kuwa "ni madhabahuni". Tatu, wengine hawataki hata kanisa litakalojengwa liitwe nyumba ya Mungu. Wameshika Matendo 7:48, Stefano anaposema kwamba Aliye juu hakai katika nyumba zilizofanywa kwa mikono. Naomba hoja na aya, mipasho tuiache.

Mwana wa Kora amejibu:

Ndugu Katibu, anza na Kutoka 25:8 na uisome taratibu: "Nao na wanifanyie patakatifu, ili nipate kukaa kati yao." Hakusema "ndani yake". Patakatifu hapo palikuwa hema, nayo iliundwa kwa safari: mbao 48 juu ya vitako 96 vya fedha, mapazia ya kuunganisha kwa vifungo, na sanduku la agano ambalo miti yake ya kulichukulia ilikatazwa kuchomolewa (Kutoka 25:15). Hata likitua, lilikaa kama mzigo unaosubiri wabebaji.

Sulemani alipojenga hekalu, Patakatifu pa Patakatifu, yaani chumba cha ndani kabisa, pakawa na dhiraa 20 kila upande. Dhiraa ni kama sentimita 45, kwa hiyo ni chumba cha mita 9 kwa 9. Na siku ileile ya kuweka wakfu akakiri kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba hiyo (1 Wafalme 8:27). Stefano hakuleta jipya. Lakini wanaoshika Matendo 7:48 huruka 1 Wafalme 8:29, panaposemwa kwamba Jina la Mungu litakuwa pale. Mungu hafungiwi mle. Watu wamepewa pa kuelekea wanapoomba. Ukiuita mjengo "nyumba ya Mungu" kwa maana hiyo, hujakosea.

Msome pia Ezekieli. Utukufu wa Mungu unaondoka hekaluni kwa hatua: kizingitini (10:4), lango la mashariki (10:19), kisha mlima ulio mashariki ya mji (11:23). Kuta bado zimesimama! Wababeli walikuja kuzichoma miaka michache baadaye.

Jambo moja la lugha. "Hekalu" letu linafunika maneno mawili ya Kiyunani. *Hieron* ni eneo zima pamoja na nyua zake, ndiko wachuuzi walikofukuzwa. *Naos* ni nyumba ya ndani, ndimo lilimopasuka pazia la patakatifu Yesu alipokufa. Paulo katika 1 Wakorintho 3:16 anasema *naos*, na hapo Kiswahili kimetutendea haki: "ninyi", yaani kusanyiko. Msomaji wa Kiingereza anaweza kudhani anaambiwa mtu mmoja mmoja.

Katekista wa Kigango amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza upande wa Wakatoliki, maana kwetu jengo haliwi mahali patakatifu kwa kutumika tu; hutabarukiwa (huwekwa wakfu kwa ibada maalumu) au hubarikiwa. Katika kutabaruku, askofu hunyunyizia maji watu, kuta na altare (madhabahu). Baada ya Neno huja Litania ya Watakatifu, masalia ya watakatifu (kama mifupa yao) huwekwa chini ya altare yakiwepo, na sala ya kutabaruku husaliwa. Krisma, mafuta matakatifu, humiminwa katikati ya altare na kwenye pembe zake nne, kuta hupakwa mahali 12 au 4, halafu ubani na taa. Kiini cha yote ni Ekaristi (Meza ya Bwana) inayoadhimishwa hapo.

Ukumbi wa kukodi? Kanuni ya 932 ya Sheria za Kanisa Katoliki inaruhusu Misa nje ya mahali patakatifu penye haja, juu ya meza inayofaa, mradi iwe na kitambaa na korporale, kile kitambaa kidogo cha kuwekea mkate na kikombe. Tabernakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, msiiweke huko. Kanuni ya 938 inataka isihamishike, iwe ya kitu kigumu kisichoonyesha ndani, na ifungwe. Kanuni ya 940 inadai taa iwake mbele yake wakati wote. Nani atailinda taa hiyo Jumamosi usiku watu wakicheza? Hostia (mkate wa Ekaristi) zilizobaki ziliwe, au zipelekwe parokiani siku hiyohiyo.

Hata kwenye makanisa yaliyotabarukiwa makosa hayakosekani: mlango wa tabernakulo wa kioo, ufunguo kuachwa kwenye kitasa, na maua kurundikwa juu ya altare badala ya kuizunguka.

Mlutheri Mkorofi amejibu:

Kuhusu viatu. Musa alivua malishoni, karibu na kijiti, jukwaa halikuwepo. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia lina desturi hiyo, lakini huko kila aingiaye kanisani huvua, si wenye maikrofoni peke yao. Mkitaka kuvua, vueni wote mlangoni. Mkivua wapandao jukwaani tu, mmerudisha pazia, na Waebrania 10:19 inasema ndugu wote wana ujasiri wa kupaingia patakatifu kwa damu ya Yesu. Na palipo spika nne na kinanda, paiteni jukwaa. Madhabahu ni mahali pa sadaka.

Kuhusu muziki wa Jumamosi: Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa 1873 juu ya soko la watumwa lililokuwa limefungwa mwaka huohuo. Uovu wa pale haukuzuia ibada. Luther naye, alipozindua kikanisa cha ngome ya Torgau, Ujerumani, tarehe 5 Oktoba 1544, alisisitiza kwamba humo Bwana aseme nasi kwa Neno lake, nasi tumjibu kwa sala na sifa. Hakuna mafuta wala masalia. Katekista atanisamehe.

Katibu wa Kusanyiko:

Nimeelewa. Kwa vitendo, tufanye nini Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, chupa zikiwa bado sakafuni?

Mwana wa Kora:

Fagieni kwanza, fungueni madirisha, na mabango ya bia yageuzwe ukutani. Kisha wekeni kasha moja la kufuli lenye vitu vya ibada tu: kitambaa cha meza, kikombe, sahani, msalaba, Biblia. Likae kwa mzee wa kanisa, lisiachwe ukumbini. Kinachoharibu ni kuazimana: kikombe cha Meza ya Bwana kikinywewa soda kwenye sherehe, watoto wataona hakuna kilichotengwa.

Waorthodoksi wanalo jambo la kufanana na hilo, antimensio: kitambaa kilichotiwa sahihi na askofu, kwa kawaida kikiwa kimeshonewa masalia. Padri hukikunjua juu ya meza yoyote akaadhimisha Liturujia, kisha hukikunja tena. Kisipokuwepo, haadhimishi, hata kama kanisa lina kuba la dhahabu.