Andiko langu la utafiti wa nyota limekataliwa eti ni "unajimu". Hivi nani anayasoma haya maandiko?

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu tangu Jumatatu, hasira ilikuwa inanishinda. Leo nauweka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tanga mjini. Mwaka juzi mfuko mmoja wa serikali ulifungua dirisha la ruzuku za utafiti. Nikaandika andiko la kurasa 22 la kupima mwanga wa nyota badilifu, zile ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka. Chukua nyota iitwayo Mira: kuna wakati unaiona kwa macho matupu, halafu inafifia mpaka inapotea, kisha inarudi, na mzunguko huo unachukua siku 332 hivi. Niliomba shilingi milioni 24 kwa miaka miwili. Darubini moja na kamera yake, nauli za kwenda upande wa Mkomazi, nyuma ya milima ya Usambara, ambako mvua ni haba na usiku ni giza tororo, na posho kidogo ya vijana wawili. Basi.

Miezi 14 kimya. Kila nikipiga simu naambiwa "lipo kwenye jopo". Wiki iliyopita jibu likaja kwa barua pepe: barua ya mistari minne, imeskaniwa ikalala ubavu, na jina la mradi wangu limebadilishwa. Mimi niliandika "Upimaji wa Mwanga wa Nyota Badilifu". Wao wameandika YAH: MAOMBI YA RUZUKU YA UTAFITI WA UNAJIMU. Mstari wa tatu unasema fedha za umma haziwezi kugharamia unajimu, na kwamba mada haimo kwenye vipaumbele vya taifa.

Unajimu! Yaani mtu na akili zake kaona neno "nyota" akaamua nataka hela za serikali nikapige ramli.

Nikapiga simu kuomba ufafanuzi. Afisa aliyepokea akacheka. "Mwalimu, nyie watu wa Tanga na nyota zenu tunawajua." Wakuu, mimi nimezaliwa Chumbageni. Maneno ya Tanga na uchawi nimeyasikia tangu nikiwa bweni huko bara, nikayazoea, nikanyamaza. Lakini kuambiwa na mtu aliyekalia fedha za utafiti, saa za kazi, kwa simu ya ofisi? Nilikata simu, mikono inatetemeka.

Najua lugha yetu ina mtego hapa. Unajimu ni kutazamia mambo ya watu kwa nyota. Hata neno falaki, ambalo ni elimu ya nyota kwa maana yake halisi, mtaani ukisema fulani kaenda kupigiwa falaki kila mtu anaelewa kaenda kutazamiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukurasa wa kwanza wa andiko langu nilitenga aya nzima kueleza tofauti. Niliandika kwamba mradi hautabashiri chochote kuhusu maisha ya mtu yeyote, utapima mwanga kwa kamera na kutoa namba. Ukurasa wa kwanza! Mtu aliyefungua jalada asingeweza kukosa kuiona. Kwa hiyo halikusomwa. Miezi 14 nimesubiri jopo ambalo halikufungua hata jalada.

Na hivyo vipaumbele. Fomu inakulazimisha kuchagua sekta: kilimo, afya, mifugo, viwanda, tehama. Sayansi ya msingi haipo. Nikachagua "nyinginezo". Chini yake wanauliza bidhaa gani itaingia sokoni baada ya mwaka wa pili. Nijibu nini? Nitauza Mira kwa kilo?

Watakuja watu hapa kuniambia nyota hazitulishi, watoto wanakaa chini madarasani. Mimi ndiye ninayefundisha hao watoto, najua wanakaa wapi. Ila waifai unayoitumia kusoma uzi huu ina mkono wa watu wa nyota. John O'Sullivan na wenzake huko Australia walikuwa wanatafuta ishara za redio za mashimo meusi madogo yanayolipuka (shimo jeusi ni kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki). Hawakuzipata. Lakini hesabu walizotumia kusafisha ishara zilizovurugika ndizo baadaye zikasaidia kutatua tatizo la mawimbi ya waifai kugonga kuta za ndani na kurudi yakiwa yamechanganyikana. CSIRO, taasisi ya serikali yao, ikapata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, Marekani mwaka 1996 na ikaja kuvuna zaidi ya dola milioni 400 za kwao. Nani angejaza hiyo kwenye kisanduku cha "bidhaa"?

Tuache Australia, tutazame majirani. Mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA una nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Zihesabu tena. Kenya, Msumbiji, Zambia, tunapakana nao wote watatu, sisi hatumo. Ghana walichukua dishi kuukuu la mawasiliano ya simu pale Kuntunse, upana mita 32, wakaligeuza darubini ya redio, likazinduliwa mwaka 2017. Dishi kuukuu!

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye pwani hii hii, pale karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani. Ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Neno letu limo kwenye vitabu vya astrofizikia vya dunia nzima. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akisoma msimu kwa kilimia, kile kishada cha nyota: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Leo mjukuu wake anataka kupima nyota kwa namba, anaitwa mpiga ramli.

Na mahali penyewe tunapo. Darubini kubwa ya SALT iko Sutherland, Afrika Kusini, nyuzi 32 kusini mwa ikweta, nyota za karibu na ncha ya kaskazini kule hazichomozi kabisa. Tanga tuko nyuzi tano tu kutoka ikweta, karibu kila nyota ya mbinguni inapita kwetu.

Kwa sasa tunatumia darubini ya kuazima. Hewa ya bahari imeshaanza kula kioo chake, madoa ya kuvu pembeni kama ya picha za zamani. Kila usiku tukimaliza nakifunga kwenye ndoo ya mchele mkavu kisinyonye unyevu. Wanafunzi wangu wanaandika kwenye kaunta buku, tochi wameizungushia mfuko mwekundu ili macho yasipoteze giza. Wana usiku 61 humo, tarehe, saa, mng'ao. Binti mmoja wa kidato cha tano ameniuliza mara mbili lini kamera inakuja. Barua sijamwonyesha.

Jumatano nimetuma rufaa. Nadai andiko lisomwe na mtu aliyesomea fizikia, na jina la mradi lirekebishwe kwenye kumbukumbu zao, maana sitaki neno lile likae kwenye faili langu. Waliowahi kukata rufaa ya ruzuku za utafiti humu, mlijibiwa? Baada ya muda gani, na mlimwandikia nani?