Mrejesho: Binti yangu aliyekuwa anakunywa maji usiku kucha

Ndugu zangu, mtakumbuka niliuliza kuhusu binti yangu wa miaka 9: anakunywa hadi lita 6 kwa siku, anakojoa usiku kucha, na sukari kila ikipimwa iko sawa. Kituo cha kwanza walisema ni mazoea tu, nimnyime maji. Asanteni sana mlionikataza! Ningempoteza.

Daktari bingwa wa homoni alimnyima maji kweli, lakini hospitalini, akimpima uzito na mkojo kila saa. Mkojo ulibaki mweupe kama maji ya bomba. Alipopewa desmopresini, dawa inayofanya kazi kama homoni ya vasopresini, ukakolea. Kumbe figo ni nzima. Kinachokosekana ni vasopresini yenyewe, homoni inayotengenezwa kwenye hipothalamasi (sehemu ya ubongo) na kuhifadhiwa kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake, ndiyo inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini. Picha ya MRI ya ubongo haikuonyesha uvimbe, ila itarudiwa.

Sasa anameza kidonge cha desmopresini asubuhi na jioni. Tumeonywa anywe akisikia kiu tu, maana maji yakizidi akiwa kwenye dawa, sodiamu (chumvi) ya damu hushuka na anaweza kupata degedege.

Jana nilishtuka saa tisa usiku, nikaenda kumwangalia. Jagi limejaa vilevile, mwenyewe amelala fofofo.