Magogo yanayovushwa Mto Ruvuma: msitu wa kijiji ujilinde vipi?

Mwambao wa Ruvuma ameuliza:
Habari za humu wakuu. Kijiji kiko Tunduru, kina msitu wa hifadhi ya ardhi ya kijiji, na mpango wa usimamizi na sheria ndogo vimeshapitishwa. Tunauza mninga na mkongo. Kiangazi mto ukipungua, magogo huvushwa kutoka Msumbiji, halafu mnunuzi anatafuta kijiji chenye nyundo ya kugonga alama kwenye magogo na karatasi ili yaonekane yametoka huku. Tuweke kumbukumbu gani ili hilo lisiwezekane? Na kamati ya maliasili inaweza kuandikiana makubaliano na kijiji cha ng'ambo? Azimio la Zanzibar linatajwa kila semina, ila sijaona linatugusaje.

Kisiki Kwanza:
Mkuu, kosa la vijiji vingi ni kuhesabu magogo na kusahau visiki. Gogo linaweza kutoka popote, kisiki hakihami. Kila mti upewe namba kabla ya kukatwa, na kwenye daftari iingie namba hiyo, aina, kipenyo kinachopimwa mita 1.3 kutoka ardhini na alama ya GPS. Ukishaangushwa, nyundo igongwe pande mbili: kisikini na kwenye kitako cha gogo. Mti ukitoa magogo matatu, yaitwe 27A, 27B, 27C. Bila hizo herufi, gogo la nne litaingia na hakuna atakayejua.

Ujazo upimwe kwa kipenyo cha katikati ya gogo, bila gome: kipenyo × kipenyo × 0.785 × urefu, vyote kwa mita. Gogo la mita 3 lenye sm 40 katikati ni mita za ujazo 0.377. Mnunuzi akipima ncha nyembamba yenye sm 32 atakuambia 0.241, na kijiji kimeshapoteza zaidi ya theluthi.

Nyundo isikae kwa mtu mmoja. Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti wa kamati na mwingine kwa mtendaji, na kila inapotoka iandikwe. Kabla ya TP (kibali cha kusafirisha mzigo) kutolewa, chagueni namba kumi bila mpangilio mkatazame visiki vyake. Kisiki kimoja kisipoonekana, mzigo wote usimame.

Mwambao wa Ruvuma:
Na wakija na mbao tayari zimepasuliwa? Hapo namba haipo tena.

Kisiki Kwanza:
Ndiyo njia wanayoipenda. Pasueni ndani ya msitu au kwenye uwanja mmoja wa kijiji, na mlinganishe kilichoingia na kilichotoka. Kwa miti migumu, mara nyingi gogo hutoa mbao kati ya theluthi na nusu ya ujazo wake. Mita za ujazo 10 za magogo zikileta mita za ujazo 7 za mbao, kuna mbao za wageni humo.

Afisa wa Kando:
Kuhusu makubaliano: kijiji hakisaini na nchi nyingine. Kinachowezekana ni kupeleka taarifa kwa halmashauri na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), nao wawasiliane na wenzao. Azimio la Zanzibar la 2015 lilitiwa saini na Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska, na biashara haramu ya magogo ndiyo shabaha yake. Kwa hiyo taarifa yenu mkiijengea juu ya azimio hilo, afisa ana pa kuanzia. Kumbukeni pia Msumbiji ilizuia kusafirisha nje magogo ghafi ya miti ya asili tangu 2017, na sehemu kubwa ya ng'ambo ya Tunduru ni Hifadhi ya Niassa. Gogo la kule lina tatizo hata kabla halijaloa maji.

Andikeni majina ya kisayansi. Mninga wenu kwao ni umbila, mkongo ni chanfuta. Orodha mbili za majina ya kienyeji hazilinganishiki.

Msitu wa Pwani, Kenya:
Msiige mkataba wa CFA zetu (vyama vya jamii vya misitu). Chini ya sheria ya 2016 CFA hupewa haki za matumizi kwenye msitu ambao si mali yake, ilhali ninyi msitu ni wa kijiji chenyewe. Ila somo la msandali, mti wa mafuta ya manukato, linawafaa: Kenya ilipiga marufuku uvunaji 2007, mzigo ukawa unavushwa mipakani hadi msandali wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia ukaingizwa 2013 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini. Upande mmoja ukibana peke yake, biashara huhamia kwa jirani.