Naomba ushauri: Filamu ya Peninsula inagawa watazamaji kibandani, niioneshe vipi?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye vibanda umiza (vibanda vya kuoneshea filamu) hapa Dar.

Train to Busan (2016), ile filamu ya Kikorea ya zombi kwenye treni, haina ubishi, watu wanatoka macho mekundu. Mwendelezo wake, Peninsula (2020), ndio unaogawa watu. Vijana wa benchi la mbele wanashangilia magari. Watu wazima wanalalamika kuwa wahusika wa kwanza hawamo na zile mbio za magari ni kompyuta tupu. Nawaelewa kabisa: ya kwanza imebanwa ndani ya behewa, zombi yuko nyuma ya kioo cha mlango, ya pili imeachiwa mji mzima.

Ila naona nusu ya lawama ni giza. Mbio kubwa ni za usiku, na saa tisa mchana, bati likiwa na matundu, projekta inaonesha taa za magari tu. Nikipandisha mwanga, weusi unageuka kijivu. Je, niongeze gama (mpangilio wa projekta unaong'arisha sehemu zenye giza), nizibe matundu kwa turubai jeusi, au niihamishie saa mbili usiku? Halafu sauti ya mtafsiri inameza milio ya injini. Nakala yenye maandishi ipo, lakini wengi hawawahi kuyasoma. Mnafanyaje hapo?