Seli za laptopu zinapima mAh nzuri, lakini boda ikianza kupanda mlima wa Riat inazima. Naomba ushauri

FundiKondele

Wadau, habari za mchana. Nina kibanda Kondele hapa Kisumu. Kazi yangu ni kuunda betri: taa za kuvulia omena usiku, sola za nyumbani, na siku hizi boda za umeme. Kuna mteja nimemuundia betri ya 20S8P, yaani makundi 20 yaliyofuatana, kila kundi seli 8 sambamba, jumla seli 160 za 18650 (zile za duara za milimita 18 kwa 65) zilizotoka kwenye betri za laptopu. Kila seli imepita kwenye chaja ya kupima uwezo, yaani mAh, kiasi cha chaji inachohifadhi, na yoyote iliyosoma chini ya mAh 2,400 haikuingia. Kwa namba, hii betri haina kasoro.

Mjini inaenda vizuri. Sasa abebe abiria aanze kupanda Riat kuelekea Kiboswa: hafiki juu. BMS, ile saketi ya kulinda betri, inakata. Akikaa kidogo kando ya barabara inawaka tena, volti zimerudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na chaji bado imezidi nusu. Akinirudishia nikafungua boksi, seli za katikati zina joto la kukufanya utoe mkono mbio.

Nimebadilisha BMS, nimechomelea nikeli upya, nimekagua nyaya. Mambo ni yale yale. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba nina seli chache nilizotoa kwenye drili iliyokufa. Zinapima mAh 1,900 tu, lakini uzipe mzigo mzito, zinatulia tu, hata joto ni kidogo. Umbo moja, uzito karibu mmoja. Kwani kuna nini ndani mle?

NakuruVolti

Kontrola ya mota inavuta ampea ngapi pale mlimani? Bila hiyo tutabahatisha tu.

FundiKondele

Nimemfungia klampu mita ya kupima ampea akapanda nayo. Inacheza kati ya 45 na 50.

Kibuye_Spea

Hizo ni BMS za bei ya chini, omera. Weka ya ampea 100 umalize maneno.

NakuruVolti

@Kibuye_Spea hapana. BMS inakata kwa sababu kuna kundi moja la seli limeshuka chini ya kiwango, pengine volti 2.8. Inafanya kazi iliyowekewa. Ya ampea 100 itakata pale pale, na ukiiondolea hiyo kinga, abiria amekalia moto.

Fundi, piga hesabu: ampea 48 hivi gawa kwa seli 8 za kila kundi ni ampea 6 kwa kila seli. Laptopu huvuta ampea moja kwa seli, ikizidi sana mbili. Hizo seli hazijawahi kuombwa 6 tangu zitoke kiwandani.

Mwalimu_Maseno

Naongezea kwa NakuruVolti, maana swali la "kuna nini ndani" halijajibiwa.

Kwanza hiyo chaja yako. Inapima kwa kuvuta nusu ampea au ampea moja. Kwa mwendo huo hata seli iliyochoka hutoa karibu kila ilicho nacho. Namba ya mAh ni ya kweli, ila haisemi lolote kuhusu Riat.

Ndani ya kopo kuna tepe mbili ndefu zilizoviringishwa pamoja kama mkeka. Moja ni foili ya alumini iliyopakwa unga wa kathodi (upande chanya) pande zote mbili, nyingine ni foili ya shaba iliyopakwa grafiti (upande hasi) pande zote mbili. Kati yao unapita utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu ili zisigusane. Sony walipozileta sokoni mwaka 1991, hawakuwa wageni wa kazi ya kupaka unga kwenye utepe. Walikuwa wametengeneza kaseti miaka mingi.

Sasa kopo la 18650 halinyumbuki. Kipenyo cha ndani ni kama milimita 17.5, kwa hiyo eneo la duara ni kama milimita mraba 240. Uamuzi mkubwa wa mbunifu ni unene wa unga. Akipaka mnene, foili mbili na unga wake pamoja na tando mbili zikafika milimita 0.35, utepe utakaoenea ni 240 gawa kwa 0.35, karibu sentimita 70. Akipaka mwembamba, jumla ikawa milimita 0.2, utepe unafika sentimita 120. Huyu wa pili ameingiza foili nyingi na utando mwingi, vitu visivyohifadhi chaji hata chembe, kwa hiyo mAh zimepungua. Lakini zile ampea 6 sasa zinatawanyika kwenye eneo kubwa zaidi, na kila ayoni ya lithiamu, chembe inayobeba chaji, ina safari fupi. Hiyo ndiyo seli yako ya drili.

Na hiyo safari ndiyo yenye maneno. Unga una vitundu vilivyojaa elektroliti (kimiminika kinachopitisha ayoni), na ayoni za lithiamu hupenya humo kwenda na kurudi. Unene ukiwa mara mbili, muda wa kupenya hadi chini unakuwa kama mara nne. Ukivuta kwa nguvu, unga wa juu unafanya kazi yote na ule ulio karibu na foili haujafikiwa. Volti inaanguka. Mteja akisimama kando ya barabara, ayoni zinasambaa tena na volti inapanda. Ndiyo maana boda inawaka tena bila kuchajiwa.

Kibuye_Spea

Mwalimu umeeleza vizuri, nakubali. Lakini basi si watengeneze zote nyembamba?

Mwalimu_Maseno

Mwenye laptopu anataka saa nyingi mbali na stima, hapandi mlima. Akipewa seli ya drili atalalamika kwamba chaji inaisha upesi. Zaidi ya hapo, shaba ni ghali, na utepe mrefu unakula shaba.

DadaWaMaabara

Mwalimu, umeuacha ulimi. Naomba niuingize kwa sababu mafundi wengi hawaujui.

Umeme ukishatoka kwenye unga hadi kwenye foili, bado lazima utembee kando ya foili mpaka kwenye kile kipande chembamba kilichochomelewa, cha nikeli upande wa shaba, cha alumini upande wa alumini, ndio utoke kwenye kofia au kwenye kopo. Mimi nauita ulimi. Chukua foili ya shaba ya sentimita 70, upana milimita 58, unene maikromita 10. Ukinzani wake toka mwisho hadi mwisho ni kama mili-omu 20. Umeme hauingii wote mwisho mmoja, unaingia kidogo kidogo njia nzima, kwa hiyo ulimi ukiwa mwishoni unahesabu theluthi moja: kama 7. Ulimi huo huo ukiupeleka katikati ya utepe, kila upande unabeba nusu ya umeme kwa nusu ya njia, na hesabu inashuka hadi sehemu moja ya kumi na mbili. Haifiki 2. Umepunguza mara nne bila kuongeza gramu ya shaba.

Seli nyingi za uwezo mkubwa huwekewa ulimi wa alumini katikati, lakini wa nikeli unabaki mwisho wa nje tu, kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Zile za nguvu mara nyingi zina ndimi mbili upande wa shaba, mmoja kila mwisho, na hesabu yake ni sawa na ya katikati. Halafu kuna zisizo na ulimi kabisa: ukingo mzima wa foili unaachwa bila unga, unakunjwa na kugusana na sahani ya mwisho. Tesla walitangaza ya namna hiyo mwaka 2020, ile 4680 yenye kipenyo cha milimita 46, na kwa kopo nene kiasi hicho sioni wangefanyaje vinginevyo. Utepe ni mrefu mno.

FundiKondele

Asante sana dada, na wewe mwalimu. Sasa nina hamu ya kupasua moja niione kwa macho.

DadaWaMaabara

Tafadhali, fundi, usipasue. Elektroliti yake ina chumvi ambayo ikikutana na unyevu wa hewa hutoa asidi ya hidrofloriki, na Kisumu unyevu tunao wa kutosha. Na seli yenye chaji, makasi yakigusisha tepe mbili, inawaka mkononi.

Nitakusimulia. Nilipokuwa masomoni Ujerumani tulizifungua ndani ya sanduku la gesi ya argoni baada ya kuzimaliza chaji. Grafiti isiyo na chaji ni nyeusi tii. Yenye chaji kamili ina rangi ya dhahabu, nzuri kweli kweli. Seli iliyochoka ukiikunjua, bado unakuta viraka vya dhahabu ambavyo havikuweza kurudisha lithiamu yake, na mahali pengine ukungu wa kijivu: hiyo ni lithiamu iliyoganda juu ya grafiti badala ya kuingia ndani. Vingi nilivikuta sehemu mbili. Moja ni karibu na ulimi, kwa sababu ule nikeli una unene kama wa milimita 0.1 na unasukuma kila mzunguko unaopita juu yake, hadi nundu inaonekana kwenye utando. Nyingine ni kiini cha mviringo, ambako utepe umepinda sana na unga umepasuka nyufa ndogo ndogo, mwingine unabanduka ukiugusa na kibano.

Grafiti hutanuka kama asilimia 10 ikijaa chaji, kisha inasinyaa. Kila siku, ndani ya kopo lisilotanuka. Ndiyo maana seli mbili za modeli moja zilizoishi kwenye laptopu tofauti haziko sawa tena, hata kama mAh zinafanana.

Jambo jingine: usimruhusu mteja achaji haraka betri hiyo. Watengenezaji huiacha grafiti iwe pana kuliko kathodi kwa milimita moja au mbili ili lithiamu isigande ukingoni, ila kwa unga mnene ukisukuma chaji kwa kasi, inaganda tu.

NakuruVolti

Tuache nadharia kidogo, fundi ana mteja. Nunua rezista ya kauri ya omu 1, ya wati 25 au zaidi. Jaza seli hadi volti 4.00, iunganishe kwa sekunde kumi, usome volti kwenye ncha za seli yenyewe, si kwenye waya. Rezista itapata moto, usiishike. Tofauti ya volti ugawe kwa ampea, huo ndio ukinzani wa ndani. Fanya kwa zote. Ni kazi ya kuchosha, najua.

FundiKondele

Jamani, nimerudi. Sijamaliza zote lakini picha imetoka. Za laptopu nyingi zinaanguka hadi kati ya volti 3.50 na 3.60. Za drili zinabaki 3.87. Kuna za laptopu zimefika 3.4 na hizo zilikuwa zinasoma mAh 2,700!

Mwalimu_Maseno

Basi hesabu ni hii. Za drili: zimeanguka volti 0.13, na kwa rezista ya omu 1 ampea ni sawa na volti, kwa hiyo 0.13 gawa kwa 3.87, kama mili-omu 34. Za laptopu, chukua 120 kwa wastani. Kwa ampea 6, kila seli ya laptopu inapoteza volti 0.72. Ikiwa imebaki nusu, yaani 3.6 hivi, inashuka hadi 2.88, na lile kundi lenye seli za 3.4 linavuka 2.8 kabla ya wenzake. BMS inakata.

Joto: 6 mara 6 mara 0.12 ni wati 4.3 kwa seli moja. Mara 160 ni karibu wati 700 ndani ya boksi lililofungwa, wakati mota inapata chini ya 3,000. Seli za katikati hazina pa kutolea.

Kibuye_Spea

Wati 700! Si apike ugali tu.

FundiKondele

😂 Sasa nifanyeje? Niongeze hadi 16P?

NakuruVolti

Inawezekana. Kila seli ibebe 3, joto la jumla linashuka nusu. Lakini ni seli 320, zaidi ya kilo 14 bila boksi, na bado ni seli zilizochoka. Mimi ningemshauri mteja anunue seli mpya za 21700 (kubwa kidogo kuliko 18650) za nguvu, zile za mAh 4,000 zenye ukinzani usiozidi mili-omu 20. 20S6P ni seli 120, kila moja inabeba ampea 8, inapoteza volti 0.16, na boksi zima linatoa wati 150 hivi. Na chaji ni nyingi kuliko uliyompa sasa.

Ukinunua, pima kabla ya kulipa. Na ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900, rudisha hapo hapo, nyingi za halali hukomea karibu 3,500. Pima uzito pia: ya kweli ni gramu 45 kwenda juu. Ile mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu wa Migori inatosha.

FundiKondele

Mteja hatafurahia bei, ila nitamwonyesha hizi namba. Na hizi 160 nizitupe?

DadaWaMaabara

Usitupe! Zilizoanguka chini ya 3.5 zipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Zilizobaki ni seli za taa. Taa ya omena ya wati 15 kwa volti 12 inavuta kama ampea 1.3, ukiunda 3S4P kila seli inatoa theluthi ya ampea, joto hata halisikiki. Hiyo ndiyo kazi ambayo unga mnene ulipakwa kwa ajili yake. Panga zenye ukinzani unaokaribiana kundi moja, usiangalie mAh peke yake, maana kwenye kundi moja yenye ukinzani mdogo hubeba mzigo wa wenzake.

FundiKondele

Ero kamano, dada. Nimeshaanza kuzipanga upya kwa karatasi ya ukinzani.

JaUsenge

Nimesoma kimya tangu juu. Fundi, hizo 3S4P ukimaliza utaziuza ngapi? Huku Usenge tuna boti nne zinahitaji taa kabla mwezi haujaanza kufifia. Boksi liwe la kuzuia maji lakini.

FundiKondele

@JaUsenge njoo inbox tuongee. Boksi ni la kuzuia maji, na ndani naweka fyuzi kila kundi.