Kiyoyozi cha ofisini kinatugombanisha, naomba ushauri

Ndugu zangu, nafanya kazi hapa Malindi, chumba kimoja watu sita, kiyoyozi kimoja cha zamani. Kaskazi hii joto halisemeki. Mwenzetu wa dirishani, jua la mchana lampiga mgongoni, hukishusha hadi 16. Mama mmoja, mtu mzima, meza yake iko chini ya upepo wenyewe. Miguu yamuuma, siku nzima kajitanda leso. Nimewaeleza kuwa kwa mashine kama hii 16 haileti baridi upesi kuliko 24, huifanya tu isipumzike. Hawasikii. Jana rimoti ilifichwa, wakarushiana maneno mbele ya wateja. Iliniuma sana. Mimi ndiye mdogo wao kwa umri. Nimwombe mkubwa wetu ahamishe meza ya mama, au tutie pazia zito kwanza? Na nianzeje bila kumvunjia mtu heshima?