Dhoruba ya jua: ning'oe chuma cha ethi?

Fundi_Friji_Tandika:
Wakuu habari za jioni. Tangu juzi wateja wananirushia ujumbe wa WhatsApp eti jua litaleta dhoruba, tuzime meni swichi usiku kucha, ardhi itajaa umeme. Mama mmoja kaniuliza kama ang'oe chuma cha ethi nyuma ya nyumba. Nimemkataza, ila sababu sina. Nasikia Wamarekani wamechora ramani ya umeme huo. Wanaupimaje?

Mtoto_wa_Temeke:
Luku yangu ina uniti mbili. Dhoruba ikija itanikuta gizani tayari.

Mstaafu_Kigamboni:
Fundi, nimekaa vituo vya kupoozea umeme hadi nikastaafu, ngoja nikueleze.

Dhoruba inayumbisha sumaku ya dunia, na sumaku ikiyumba ardhi inazaa msukumo wa umeme. Unapimwa kwa volti kwa kilomita. Tuseme ni volti 1 tu: waya wa nyumbani kwako hauoni kitu. Lakini njia ya Iringa hadi Shinyanga ya kilovolti 400 ina kilomita 670, piga hesabu mwenyewe. Mkondo unapanda kwenye transfoma kubwa kupitia ethi yake, nao haugeukigeuki kama huu wetu wa hezi 50. Chuma cha ndani kinashiba sumaku, transfoma inanguruma na kupata joto.

Kuchora ramani, wanafukia ardhini elektrodi, yaani vipande vya kunasa umeme wa ardhi, wanaweka kipima sumaku pembeni na kuviacha siku kadhaa, kisha wanahamia kwingine. Wanachotafuta ni mwamba. Mwamba mgumu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo msukumo juu yake unakuwa mkali. Quebec imekalia mwamba wa namna hiyo: tarehe 13 Machi 1989 gridi yao ililala ndani ya sekunde 90 hivi, watu milioni 6 gizani.

Huku Dar tumekalia mchanga na udongo wa pwani, tena tuko karibu na ikweta. Mimi ningeangalia zaidi Dodoma na Singida, kule kwenye matale, yaani mwamba mgumu. Na tusijisifu sana, Afrika Kusini nako transfoma ziliharibika baada ya dhoruba za 2003.

Chuma cha ethi cha huyo mama ni cha kumkinga friji ikivuja umeme. Kibaki.

Fundi_Friji_Tandika:
Shikamoo mzee, ahsante sana. Nimempigia sasa hivi. Kumbe alishaking'oa tangu asubuhi, kafungia kamba ya kuanikia nguo. Kesho naenda na nyundo.

Mstaafu_Kigamboni:
Marahaba. Mwambie friji asiichomeke mpaka ufike.